Kitunguu Saumu na Dawa za Kufubaza VVU: Funzo kwa Utafiti wa Tiba Unganishi

Utafiti wa tiba unganishi una jukumu la kuyavusha maarifa kutoka maabara hadi kwa mgonjwa, na kuyarejesha maswali ya mgonjwa maabara. Makala haya yanalifafanua jukumu hilo kwa mfano wa kitunguu saumu, ambacho baadhi ya watu wanaoishi na VVU hukitumia pamoja na dawa za kufubaza virusi.

Katika utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002, watu wenye afya waliojitolea walipewa dawa ya saquinavir, kisha wakameza vidonge vya kitunguu saumu mara mbili kwa siku kwa wiki 3. Kiwango cha saquinavir katika damu yao kilipungua kwa takribani nusu. Ikumbukwe kwamba vilivyopimwa ni vidonge, wala si kiungo cha mchuzi. Aidha, saquinavir haiwakilishi dawa zote. Hata hivyo, funzo lake ni pana: kuwa cha asili si sawa na kutokuwa na athari. Dawa ikipungua damuni, virusi hupata mwanya wa kuzaliana na kujenga usugu.

Hapa ndipo inapodhihirika maana ya kumhudumia mtu kwa ukamilifu wake. Mgonjwa aliyewahi kukaripiwa kwa kutumia mitishamba hujifunza kunyamaza, na ukimya huo hauonekani katika kipimo chochote cha damu. Kwa hiyo, swali "Unatumia nini kingine nyumbani?", likiulizwa kwa heshima, ni sehemu ya tiba yenyewe.