Didymus wa Iskanderia, Mwalimu Asiyeona

Tunapozungumza juu ya walemavu katika Kanisa, kwa kawaida tunawataja kama watu wanaohudumiwa. Twakusanya sadaka ya diakonia kwa ajili yao, na hilo ni jema. Ni mara chache tunauliza kama mlemavu aweza kukaa katika kiti cha mwalimu, nasi tukakaa mbele yake ili tujifunze. Swali hilo lilipata jibu katika bara letu la Afrika zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Didymus alizaliwa Iskanderia, mji wa Apolo, yapata mwaka 313. Akiwa na umri wa miaka minne hivi alipofuka, kabla hajajua kusoma. Mwanahistoria Sozomen asimulia ya kwamba alijifunza herufi kwa kupapasa vibao vilivyochongwa, karibu miaka 1,500 kabla ya Louis Braille. Mengine yote aliyapata kwa kusikiliza. Rufinus, aliyekuwa mwanafunzi wake, aeleza jinsi wasomaji walivyochoka na kusinzia usiku, naye Didymus akabaki macho akicheua yale aliyoyasikia.

Hapa yafaa tutue kidogo. Didymus hakuweza kufungua kitabu pasipo mtu wa kumsomea, wala kuandika barua pasipo mwandishi. Vitabu vyake vyote vilitoka kinywani mwake na kupitia mkononi mwa mwingine. Kanisa la Iskanderia halikuona utegemezi huo kuwa kasoro ya mwalimu. Askofu Athanasius alimkabidhi shule ya mafundisho ya Kikristo ya mji huo, naye akafundisha kwa miaka mingi akiwa mlei. Mwaka 386 Jerome, ambaye tayari alikuwa msomi mwenye sifa, alisafiri hadi Misri ili amwulize maswali yake juu ya Maandiko. Kitabu cha Didymus juu ya Roho Mtakatifu kilitumiwa na Ambrose wa Milano, na Jerome alikitafsiri kwa Kilatini. Kwa Kigiriki kimepotea.

Wako wanaotaja Mambo ya Walawi 21 ili kumzuia asiyeona asihudumu. Sura hiyo yahusu madhabahu ya wana wa Haruni. Na hata humo, kuhani mwenye kilema hakuondolewa mezani, bali alikula vitu vitakatifu pamoja na ndugu zake. Aisomaye nusu tu asijivunie kwamba ameisoma sheria.

Jerome asimulia pia kwamba mtawa Antony alimwuliza Didymus kama anahuzunika kwa kukosa macho. Didymus alinyamaza kwa haya. Alipoulizwa tena na tena, akakiri kwamba anahuzunika. Antony akashangaa kwamba mtu mwenye hekima anasikitikia kitu walicho nacho hata nzi na sisimizi. Wahubiri hupenda jibu hilo la Antony. Sisi twaona kwamba ungamo la Didymus lina uzito zaidi, kwa sababu latuonyesha ya kuwa alifanya kazi maisha yake yote huku huzuni hiyo ikiwapo, na wala hakuhitaji kuikana ili astahili kufundisha.

Alifariki yapata mwaka 398, akiwa na miaka kama 85. Vitabu vyake vingi vilipotea, wala si kwa sababu ya upofu: alikuwa amemfuata Origen katika mambo kadhaa, na mwaka 553 alihukumiwa pamoja naye. Hata hivyo, mwaka 1941, katika machimbo ya kale ya mawe huko Tura, karibu na Kairo, mafunjo yenye fafanuzi zake yalifukuliwa: juu ya Mwanzo, Ayubu, Zekaria, Zaburi na Mhubiri. Katika zile za Zaburi na Mhubiri mwandishi aliandika hata yaliyosemwa darasani. Mwanafunzi anamkatiza mwalimu kwa swali, mwalimu anamjibu, kisha anarudi kwenye mstari alipoachia, ambao ameushika kwa moyo.