Turbo na Presha Yake (Sehemu ya Pili): Kabla Hujaongeza

Katika sehemu ya kwanza tuliufuata moshi wa injini hadi ndani ya turbo, tukaona unavyozungusha mapanga ya upande mmoja ili yale ya upande wa pili yaisukume hewa kwenye silinda. Leo tunaingia katika jambo linalotamaniwa na vijana wengi wenye Subaru Impreza nchini Kenya: kuongeza presha ya turbo. Mapenzi ya gari hili ni ya siku nyingi. Colin McRae alishinda nalo Safari Rally mwaka 1997, na hadi leo Impreza zilizotumika Japani zinaendelea kushushwa bandarini Mombasa. Inasikitisha kwamba nyingi huishia gerejini, injini imefunguliwa na pistoni zimepasuka.

Presha peke yake haivunji pistoni kirahisi. Kinachoivunja ni injini kugonga. Katika silinda yenye afya, plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha moto ukatembea kwa utaratibu kutoka plagi hadi ukutani. Hewa ikiwa na joto kupita kiasi, au petroli ikiwa dhaifu, ule mchanganyiko ambao bado haujafikiwa na moto hulipuka wenyewe. Mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo. Katika injini za Subaru za jamii ya EJ, sehemu inayokatika mara nyingi ni ule ukingo mwembamba ulio kati ya mifereji ya ringi. Hapo mgandamizo hupotea na oili huanza kuungua pamoja na petroli. Dereva huenda asisikie lolote, hasa akiwa amefunga ekzosi yenye kelele.

Joto hilo linatoka wapi? Hewa ikigandamizwa hupata joto. Chukua hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi, uigandamize hadi presha yake iwe mara mbili: ikitoka kwenye turbo ya kawaida itakuwa imepita nyuzi 120. Ndiyo maana kuna intakula, kifaa cha kupoza hewa hiyo, ambayo katika Impreza hukaa juu ya injini na kupata upepo kupitia tundu la boneti. Gari likisimama kwenye foleni upepo haupo, na intakula yenyewe hupata moto.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote. Geji ya turbo huonyesha presha iliyozidi ile ya hewa ya nje. Mombasa hewa ya nje ina presha ya bar 1 hivi. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wa takriban mita 1,700, ina bar 0.83 tu. Geji ikisoma 1 Mombasa, injini inapata bar 2 kamili. Ikisoma 1 Nairobi, inapata 1.83. Fundi wa Nairobi anayetaka kufidia pengo hilo atapandisha geji hadi 1.17, na turbo italazimika kugandamiza hewa mara 2.4 badala ya mara 2, kwa hiyo joto litazidi. Kisha mwenye gari anashuka pwani kwa sikukuu. Ikiwa presha inashikiliwa na vali ya kukaza kwa mkono, geji itasoma 1.17 ile ile, lakini sasa injini inapokea karibu bar 2.2, tena kwenye hewa ya joto ya Mombasa.

Ongeza suala la petroli. Impreza za STI zilizouzwa Japani zilipangiwa petroli ya oktani 100 hivi. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki huko, kwa hiyo gari limepoteza sehemu ya kinga yake kabla halijaguswa.

Anayetaka kuongeza presha kwa usalama aanze kwa kupima mgandamizo wa kila silinda na kutafuta mipira inayovujisha hewa. Injini iliyochoka iachwe kama ilivyo. Afunge kihisi kipana cha oksijeni kwenye ekzosi ili asome uwiano wa hewa na petroli. Petroli huungua sawasawa kwa uwiano wa 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, lakini turbo ikisukuma kwa nguvu uwiano ushuke hadi 11 au 11.5, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza silinda. Ikiwa nozeli zinakaa wazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake, zimefika mwisho. Zibadilishwe, na pampu ikaguliwe. Kompyuta ya gari ipangwe upya. Vali za bei nafuu zinazoidanganya kompyuta ni za kukataa kabisa, kwani huongeza hewa bila kuongeza petroli wala kuchelewesha cheche ya plagi. Ekzosi pana nayo iangaliwe: moshi ukipita kwa wepesi mno, westigeti ndogo, yaani vali inayoupitisha moshi kando ya turbo, hushindwa kuupunguza na presha hupanda yenyewe.

Baada ya hapo presha ipandishwe kwa bar 0.1 kila mara, na rekodi ya kihisi cha kugonga isomwe kabla ya hatua nyingine. Dalili ya kwanza ya kugonga ikionekana, rudi hatua moja nyuma. Na gari la Nairobi linalokwenda pwani lipimwe tena huko huko, mchana wa jua kali.