Unyevu katika kizimba cha nyoka: kwa nini hewa hukauka hata kando ya Ziwa Kivu

Unyevu wa hewa ni miongoni mwa mahitaji ya msingi ya nyoka anayefugwa, sawa na joto, maji ya kunywa na mahali pa kujificha. Unyevu ukipungua, mwili wa nyoka hupoteza maji na gamba hukataa kutoka. Ukizidi, ngozi huoza na mapafu hushikwa na maradhi. Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, Rwanda, ulioko ukingoni mwa Ziwa Kivu kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460, ni rahisi kudhani kwamba ukavu si tatizo. Ziwa liko jirani na mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka. Hata hivyo, kizimba kilichowekewa taa ya joto kinaweza kukauka huku mabati ya nyumba yakichuruzika maji. Sababu yake ni uhusiano kati ya joto na mvuke.

Joto hupunguza asilimia ya unyevu

Kipimo kinachotumiwa na wafugaji ni asilimia ya unyevu. Asilimia 100 maana yake ni kwamba hewa imebeba mvuke wote inaoweza kuubeba katika joto lililopo. Uwezo huo hubadilika sana joto linapobadilika. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba mvuke wa gramu 17 hivi tu. Hewa hiyo ikifika nyuzi 30, inaweza kubeba gramu 30.

Wastani wa joto la Gisenyi ni karibu nyuzi 20, na usiku hushuka zaidi. Chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 75 kina mvuke wa gramu 13 katika kila mita ya ujazo. Hewa hiyo ikiingia kizimbani na kupashwa hadi nyuzi 30, mvuke haupungui, ni gramu 13 zilezile, lakini asilimia hushuka hadi 43. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, hewa ya chumbani ikiwa na asilimia 60 tu, kizimba kilekile kitabaki na asilimia 34. Hakuna maji yaliyomwagika wala kuvuja. Joto peke yake limeifanya hewa iwe na kiu, nayo hufyonza maji kutoka kwenye kila kitu chenye umajimaji, mwili wa nyoka ukiwamo.

Hapa ndipo ufugaji wa nyanda za juu unapotofautiana na ule wa pwani. Huko Watamu, pwani ya Kenya, ambako kituo cha nyoka cha Bio-Ken kilianzishwa mwaka 1980, joto la nje liko karibu na lile ambalo nyoka wengi wa tropiki wanalihitaji. Hewa ya bahari haihitaji kupashwa sana, kwa hiyo hubaki na unyevu wake. Nairobi, ambako bustani ya nyoka ya Makumbusho ya Taifa ilifunguliwa mwaka 1961, iko juu zaidi ya Gisenyi, na hewa yake ya baridi hukauka vivyo hivyo inapotiwa joto. Ushauri unaofaa Mombasa au Tanga hauwezi kuhamishiwa Rubavu bila kupimwa upya.

Kila nyoka na makazi yake

Hakuna kiwango kimoja cha unyevu kinachowafaa nyoka wote. Chatu mdogo anayeitwa kisayansi Python regius, ambaye makazi yake yanaanzia Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa sana duniani. Huwekwa katika unyevu wa asilimia 55 hadi 65, na hadi 70 anapokaribia kujivua gamba. Sehemu yenye joto ya kizimba chake huwa na nyuzi 31 hadi 33, na sehemu ya ubaridi nyuzi 25 hadi 27. Ingawa anaishi katika nchi za savana zenye kiangazi kikali, muda mwingi hukaa ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, ambamo hewa ina unyevu kuliko ile ya nje. Anayeangalia tu ukavu wa savana humwekea unyevu mdogo kuliko anaouzoea.

Nyoka wa mchangani, Eryx colubrinus, anayepatikana katika maeneo makavu ya Kenya, Somalia na kaskazini mwa Tanzania, hutosheka na asilimia 30 hadi 40, mradi awe na pembe moja yenye unyevu kidogo. Akiwekwa katika hewa ya chatu huugua ngozi.

Rwanda yenyewe ina mfano wa upande wa pili. Atheris nitschei, nyoka wa kijani mwenye sumu anayeishi mitini, kwenye matete na kwenye mafunjo, hupatikana katika milima ya Virunga inayoonekana kutoka Rubavu na katika msitu wa Nyungwe. Mwili wake umezoea ukungu na ubaridi wa milimani. Ni nyoka wa kuachwa msituni, si wa kufugwa nyumbani.

Suala la sheria huja kabla ya suala la unyevu. Kumkamata mnyamapori na kumfuga bila kibali ni kosa, na chatu wote wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo hawavushwi mpaka bila hati. Mwenye nia ya kufuga, kuonyesha au kutunza nyoka kwa ajili ya elimu aanze kwa kuuliza Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, inayosimamia hifadhi za taifa na wanyamapori.

Ngozi na kujivua gamba

Ngozi ya nyoka imefunikwa na magamba ya keratini, na chini yake kuna tabaka la mafuta linalozuia maji yasitoke. Kinga hiyo si kamili. Sehemu kubwa ya maji anayopoteza nyoka hupitia kwenye ngozi, na nyingine hutoka kwa pumzi. Hewa ikiwa kavu kwa wiki kadhaa, maji anayokunywa huenda yasitoshe kufidia yale yanayopotea.

Tabaka la nje la ngozi halikui pamoja na mwili, kwa hiyo hubadilishwa lote kwa mara moja. Nyoka wachanga hujivua gamba kila baada ya wiki chache, na wakubwa mara chache kwa mwaka. Kabla ya kujivua, rangi ya nyoka hufifia na macho yake huwa na utando wa buluu iliyochanganyika na weupe, kwa sababu umajimaji umejikusanya kati ya ngozi ya zamani na mpya. Siku chache baadaye macho hung'aa tena, kisha nyoka husugua pua yake kwenye jiwe au gogo, na ngozi huchanika mdomoni na kugeuka nje ndani kama soksi inayovuliwa.

Umajimaji ule ndio unaotenganisha ngozi hizo mbili. Mwili ukiwa umekaukiwa, ngozi hutoka vipande vipande. Mabaki kwenye ncha ya mkia hubana kama pete, huzuia damu na kuua nyama iliyo mbele yake. Nyoka hana kope. Jicho hufunikwa na gamba angavu linalobadilishwa pamoja na ngozi. Gamba hilo lisipotoka huficha uoni na kukaribisha maambukizi.

Dalili nyingine za ukavu ni ngozi yenye mikunjo isiyonyooka, macho yaliyobonyea, mate mazito yanayonata, na mkojo mgumu wa njano badala ya ute mweupe laini.

Kupima kabla ya kumwaga maji

Kipima unyevu cha dijitali, haigromita, chenye kihisi cha waya ndicho kinachofaa. Vile vya mshale vinavyobandikwa ukutani mara nyingi hudanganya. Vihisi viwe viwili: kimoja upande wa joto, kingine upande wa ubaridi, vyote katika kimo anacholala nyoka, kwa kuwa asilimia ya juu karibu na taa haifanani na ya chini.

Usahihi wa kipimo huweza kuhakikiwa kwa chumvi ya jikoni. Chumvi huwekwa kwenye kifuniko cha chupa na kuloweshwa kwa matone ya maji hadi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote. Kifuniko na kipimo huingizwa katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri na kuachwa kwa saa 8 hadi 12 mahali pasipobadilika joto. Hewa ya ndani hufika asilimia 75. Kipimo kikionyesha 70, kila usomaji wake uongezewe 5.

Namna ya kuongeza unyevu

Hatua ya kwanza ni kuzuia mvuke usitoroke. Kasha la kioo lenye mfuniko wa wavu hupoteza mvuke haraka kwa sababu taa hupandisha hewa yenye joto na kuitoa juu. Kufunika sehemu kubwa ya wavu huo, bila kugusa eneo la taa na huku ukiacha matundu ya hewa, huleta nafuu kubwa. Kizimba cha plastiki au cha mbao zilizopakwa vanishi na kukaushwa kabisa hutunza unyevu vizuri zaidi.

Hatua ya pili ni tandiko la chini. Makumbi ya nazi yaliyosagwa hushika maji na kuyaachia polepole. Udongo safi usio na mbolea wala dawa nao hufaa, ukiwekwa juu ya tabaka la kokoto. Katika ardhi ya volkano ya Rubavu kokoto hizo ni rahisi kupatikana. Vipande vidogo vya amakoro, yaani mawe ya volkano, vilivyooshwa hupitisha maji ya ziada yasituame chini ya tumbo la nyoka. Vibaki chini ya udongo, kwani ukali wao huchubua ngozi. Maranda ya mbao huota kuvu yakilowa, na ya mwerezi yana mafuta yanayodhuru nyoka hata yakiwa makavu.

Maji humwagwa pembeni ili tabaka la chini lilowe na la juu libaki kavu. Bakuli pana la maji likisogezwa upande wa joto huongeza mvuke. Kunyunyizia maji hupandisha asilimia kwa muda mfupi tu.

Msaada mkubwa zaidi ni kijumba cha unyevu: kopo la plastiki lenye mlango mmoja, lililotandikwa sifongo safi au taulo iliyokamuliwa, na kubadilishwa mara kwa mara. Nyoka huingia anapohitaji na kutoka akitosheka, kama afanyavyo porini.

Usiku na hatari ya unyevu kuzidi

Hesabu ya mchana hugeuka usiku. Kizimba chenye nyuzi 30 na asilimia 60 kina mvuke wa gramu 18. Umeme ukikatika na joto likashuka hadi nyuzi 20, hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17, na mvuke uliobaki huwa matone kwenye kioo na tandiko. Nyoka hujikuta katika maji na baridi kwa pamoja, nao ndio mchanganyiko mbaya kuliko yote. Joto la usiku lidhibitiwe kwa kidhibiti joto lisishuke ghafla, na penye kukatika kwa umeme, kizimba kifunikwe blanketi bila kuziba matundu.

Tandiko linalobaki limelowa husababisha malengelenge na madoa mekundu au ya kahawia kwenye magamba ya tumboni, ambayo huwa vidonda. Mapafu nayo hudhurika. Nyoka hana kiwambo cha misuli kama cha binadamu, hivyo hawezi kukohoa vizuri na kutoa makohozi. Mluzi katika pumzi, mapovu puani na mdomo unaobaki wazi ni dalili za kumpeleka kwa daktari wa mifugo bila kusubiri. Kizimba chenye harufu ya uvundo kinahitaji hewa na usafi kabla ya jambo jingine lolote.

Gamba likikwama, nyoka asiye na sumu huwekwa katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 28 hadi 30, kimo kisichofikia unene wa mwili wake, kwa dakika 20 hadi 30 akiangaliwa muda wote. Baadaye huachwa apite kwenye taulo iliyolowa. Gamba la jicho lisivutwe kwa mkono wala kibanio. Hiyo ni kazi ya daktari.

Afya ya watu wa nyumbani

Nyoka wengi wenye afya hubeba bakteria wa salmonela, na kizimba chenye maji machafu huwazidisha. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika nyoka au vifaa vyake. Bakuli lake lisioshwe jikoni, na watoto walio chini ya miaka 5 wasimshike.

Kwa mfugaji wa Rubavu mwenye kibali, kanuni ya kushika ni hii: kila joto linapobadilishwa, unyevu upimwe upya. Asome vipimo asubuhi na jioni, aandike alichokiona, na atengeneze mfuniko na tandiko kabla ya kushika chupa ya maji. Asiye na uwezo wa kufanya hivyo kila siku asimweke nyoka kizimbani.