Kweli au si kweli: Unavyoipima habari ya siasa mtandaoni

Uchaguzi ukikaribia, simu hufurika habari: fulani amejitoa, fulani amekamatwa, kura zimeibwa mahali fulani. Wengi wetu tuna kanuni zetu za kuamua lipi la kuamini. Tuzipime sita kati ya hizo.

"Ina nembo ya BBC, basi ni BBC waliosema."
SI KWELI. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2017, zilisambaa video mbili, moja kwa sura ya CNN na nyingine ya kipindi cha Focus on Africa cha BBC, zikidai utafiti wa maoni umemweka mgombea urais Uhuru Kenyatta mbele. Vyombo vyote viwili vilizikana. Nembo hunakiliwa kwa dakika chache. Ingia kwenye tovuti ya chombo chenyewe uitafute habari hiyo. Usipoikuta huko, usiisambaze.

"Akaunti ina tiki ya buluu, kwa hiyo ni rasmi."
SI KWELI. Zamani Twitter ilitoa tiki hiyo baada ya kuthibitisha mwenye akaunti. Tangu mwishoni mwa 2022 inauzwa, na Aprili 2023 wengi waliopewa bila malipo walinyang'anywa. Mtu yeyote anayelipia mtandao huo, sasa X, anaweza kuwa nayo. Angalia jina la akaunti herufi kwa herufi, ilifunguliwa lini, na kama tovuti ya taasisi husika inaitambua.

"Picha haiongopi."
NUSU KWELI. Picha inaweza kuwa halisi na maelezo yake yakawa ya uongo: mkutano wa miaka mitano iliyopita ukaitwa wa jana, ghasia za nchi nyingine zikaitwa za kwetu. Ipitishe kwenye zana ya kutafuta picha kama Google Lens au TinEye uone iliwahi kutokea wapi na lini. Kagua mabango, namba za magari na sare za polisi. Kwa video na sauti ongeza tahadhari, maana akili unde sasa inaweza kuiga sauti ya mwanasiasa.

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."
SI KWELI mtandaoni. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT walichunguza habari zilizosambazwa Twitter kati ya 2006 na 2017, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 2018. Waligundua kwamba uongo ulisafiri haraka na mbali kuliko ukweli, hasa uongo wa kisiasa, na waliousukuma zaidi ni watu, si roboti. Wingi wa wasemaji si ushahidi. Hata ujumbe ukitoka kwa shemeji unayemwamini, uaminifu wake haumfanyi kuwa shahidi wa tukio. WhatsApp ikiuwekea mishale miwili, ujue umeshapita mikono mingi. Muulize aliyekutumia: wewe umeupata wapi?

"Vituo vya televisheni vikitofautiana, kuna aliyehongwa."
SI LAZIMA. Baada ya kura ya 9 Agosti 2022 nchini Kenya, kituo kimoja kilimwonyesha mgombea urais William Ruto mbele na kingine mpinzani wake, Raila Odinga. Mitandao ikachafuka kwa tuhuma. Lakini vyote vilichota kwenye hazina moja: tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, zilikopakiwa Fomu 34A za vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000. Kila chumba cha habari kilijumlisha fomu kwa mpangilio wake, ndiyo maana hesabu za katikati hazikulingana. Mwananchi naye aliweza kuifungua fomu ya kituo chake na kusoma tarakimu mwenyewe. Shauri la kupinga matokeo lilipofika Mahakama ya Juu, ukaguzi haukuonyesha tofauti kubwa kati ya fomu za tovutini na zile za karatasi. Hapo ndipo penye kipimo cha kweli: habari ya kuaminika inakuonyesha hati au mtu unayeweza kumfikia ukahakikishe. Ile inayosema tu "duru za ndani zinaarifu" inakuomba imani bila kukupa ushahidi.

"Habari inayoniunga mkono ndiyo ya kuhakiki zaidi."
KWELI. Uongo wa upande wa pili tunaukagua wenyewe bila kuambiwa. Ule unaompamba mgombea wetu tunaupitisha bila hata kuusoma hadi mwisho. Ukihisi furaha ya ghafla au hasira ya ghafla, subiri kwanza. Angalia kama mashirika ya kuhakiki habari, mfano PesaCheck au Africa Check, yamekwisha kuuchunguza.

Uchaguzi ujao, kabla hujabonyeza kutuma, jiulize: nani alisema kwanza, ushahidi wake uko wapi, na ni nani mwingine amethibitisha? Ukikosa jibu la maswali hayo, acha ujumbe huo uishie kwako.