Wema Hujulikana kwa Akili au kwa Wahyi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Socrates mlangoni pa mahakama ya Athens akimsumbua Euthyphro: jambo ni jema kwa kuwa miungu imelipenda, au miungu imelipenda kwa kuwa ni jema? Huenda wapo waliosema hayo ni ya wapagani, hayatuhusu. Basi leo twende Basra.

Katika bandari ile ya Iraki, Waislamu wenyewe walibishana juu ya swali hilohilo. Kundi la wanazuoni walioitwa Wamuutazila lilishika kwamba akili, hata kabla mtume hajaja, inatosha kumjulisha mtu ubaya wa dhuluma na uongo. Mungu huvikataza kwa kuwa ni vibaya. Abu al-Hasan al-Ash'ari alikuwa mwenzao hadi umri wa miaka 40 hivi, kisha akawaacha. Akafundisha kwamba uongo ni mbaya kwa sababu umekatazwa. Ungeamrishwa, ungekuwa mwema. Mashafii wengi wa pwani yetu wamelelewa katika mkondo wake.

Wote hao walikuwa watu wa swala tano. Kwa hiyo anayedai kuwa asiye na dini hawezi kujua wema, ajue ameshika upande mmoja tu wa mabishano ya kale. Mimi nawaegemea Wamuutazila. Mgawie mtoto wa miaka minne andazi moja na nduguye mawili, utasikia kilio cha haki kutoka kwa asiyejua hata Alhamdu.

Lakini Basra ina kisa kingine. Nje ya mji, watumwa walioitwa Wazanji, baadhi yao wakiwa wametolewa Afrika Mashariki, walikwangua ardhi ya chumvi ili mabwana wapate kulima. Mwaka 869 wakaasi. Mwaka 871 wakauvamia mji, na hawakushindwa hadi 883. Al-Ash'ari alizaliwa katika miaka hiyo. Kiongozi wa waasi, Ali bin Muhammad, aliwaahidi uhuru. Nao walipopata nguvu, wakawafanya mateka wao watumwa.

Wahyi ulikuwapo, akili ilikuwapo, na chumvi iliendelea kukwanguliwa. Naona walichokosa mabwana na waasi wale si kuujua wema, bali kumhesabu mtumwa kuwa mtu. Hata sisi, tukitaka kumlaani mwovu, husema: yule si mtu.

Wiki ijayo tutamfuata Immanuel Kant, aliyefundisha kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu. Tutasoma pia aliyoyaandika mwaka 1764 kuwadharau Waafrika.