Biti 10 Zilivyoweka iPhone 5 Kwa Noma, na Laibrari ya Kuzisoma Bila Stress

Kama kwenu kuna iPhone 5 imelala kwa droo, hii story inaihusu. Mwaka wa 2019 Apple iliambia wenye hiyo simu waweke iOS 10.3.4 kabla ya Novemba 3, saa tisa usiku saa za Nairobi. Ukichelewa, ramani inakupoteza, App Store inagoma, imeli pia. Na ukikumbuka baadaye, ilibidi utafute kompyuta, juu simu yenyewe haingeweza kujishushia apdeti. Ilikuwa imepoteza tarehe, na intaneti haipendi kuongea na simu haijui leo ni lini.

Iko hivi. Setilaiti za GPS huhesabu wiki tangu Januari 6, 1980, na hesabu hiyo imepewa biti 10 pekee. Biti ni 0 ama 1, kwa hivyo biti 10 zinakupa namba kutoka 0 hadi 1023. Baada ya hapo mita inarudi 0, kama ile ya Probox imezunguka hadi ikachoka. Ilitokea Agosti 1999, ikarudi Aprili 2019. Vifaa vingine huhesabu hizo wiki 1024 kuanzia tarehe iliyowekwa na mtengenezaji, ndio maana havikwami vyote siku moja.

Mbona walikuwa wagumu hivyo na biti? Buda, huo ujumbe unatumwa kwa biti 50 kwa sekunde. Ujumbe mzima unachukua dakika 12 na nusu. Hapo hata wewe ungebana.

Sasa cheki vile walibana. Ndani ya baiti tatu, yaani biti 24, kuna vitu vitano: wiki (10), kodi ya mawimbi ya L2 (2), usahihi (4), afya ya setilaiti (6), na kipande cha namba ya toleo la data ya saa (2). Baiti moja ni biti 8, kwa hivyo wiki inameza baiti ya kwanza yote na kudokoa biti mbili za ya pili.

Python inakuja na struct, lakini hiyo inasoma baiti nzima nzima. Biti 10 inabidi uzikate mwenyewe:

(x >> 14) & 0x3FF

Maana yake: sukuma biti 14 za kulia nje, ubaki na 10. Ukiandika 13 badala ya 14, programu hailii hata kidogo. Inakupa tu wiki ya uongo, na wewe unaenda kulala ukijua uko fiti. Hiyo ndiyo bagi mbaya kuliko zote.

Hapa ndipo bitstring inaingia. Ni laibrari ya bure ya Python, alianzisha msee anaitwa Scott Griffiths. Unaiweka na pip install bitstring, halafu unaitajia ukubwa wa kila kitu:

Bits(bytes=data).unpack('uint:10, uint:2, uint:4, uint:6, uint:2')

Namba tano zinatoka zimepangwa. Uzuri ni kwamba huo mstari unafanana na maelezo yenyewe, so beste yako anaweza kuukagua bila kupiga hesabu ya kusukuma. Kama una mamilioni ya jumbe, ile njia ya kukata kwa mkono bado ina mbio zaidi. Kwa kujaribu na kujifunza, mimi ningeenda na bitstring.

Lakini usidhani itakuokoa na ile ngori ya iPhone. Setilaiti ikisema wiki ni 0, laibrari itakuambia 0, juu ndiyo imesoma. Kuongeza 2048 ili ufike wiki ya ukweli ni kazi yako, na hiyo namba itafanya kazi hadi Novemba 2038, mita ikirudi 0 tena. Ujumbe mpya wa GPS umepewa biti 13 za wiki, ambazo zinatosha zaidi ya miaka 150.