Kuhesabu Mininga: Elimu na Kazi katika Misitu ya Nyanda Kavu

Sehemu kubwa ya misitu ya Tanzania Bara ni miombo, yaani misitu ya wazi yenye miti inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, iliyotanda Tabora, Katavi, Lindi na Ruvuma, mahali ambapo mvua huja katika msimu mmoja tu na kufuatiwa na miezi mingi ya ukame. Tathmini ya kitaifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kuwa nchi ina hekta milioni 48.1 za misitu, na zaidi ya asilimia 90 ya eneo hilo ni misitu ya wazi. Ukubwa wa eneo, hata hivyo, hauelezi kama mti fulani utaendelea kuwepo humo baada ya karne moja; swali hilo ni la ikolojia ya idadi ya mimea, taaluma inayochunguza jinsi mimea ya spishi moja inavyoota, kukua, kuzaa na kufa.

Mninga, ambao wanasayansi huuita Pterocarpus angolensis na ambao maseremala huuthamini kwa milango na vitanda, unaonyesha vizuri ugumu wa swali hilo. Mbegu yake, iliyofungwa katika tunda la duara lenye bawa jembamba pande zote na miiba katikati, huota mvua zinapoanza, lakini kiangazi kinapofika kijishina chake hukauka au huunguzwa na moto, huku mzizi ukibaki hai na kuendelea kuweka akiba ya chakula. Mvua zinazofuata huleta chipukizi jipya, nalo hufa vilevile, na hali hiyo huweza kujirudia kwa miaka kumi au zaidi kabla mzizi haujapata nguvu ya kurusha shina linaloweza kuhimili moto. Hivyo mche usiofika magotini huweza kuwa umeishi miaka mingi, na anayehesabu mwezi Oktoba huweza kuandika sifuri mahali ambapo ardhini pamejaa mizizi hai. Kiwango cha uvunaji kikipangwa kwa hesabu hiyo, kinakuwa kimejengwa juu ya takwimu za uongo.

Ndiyo maana watafiti hutumia ploti za kudumu, yaani vipande vya ardhi vilivyowekewa alama ili virudiwe kwa miaka mingi, ambamo kila mti hupewa namba, kipenyo chake hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na miche husajiliwa pamoja na miti iliyokufa. Mninga huwapa pia msaada ambao miti mingi ya ukanda wa joto haitoi, kwa kuwa shina lake huweka pete moja kila mwaka. Nchini Zimbabwe pete hizo zimetumika kukadiria mvua za takriban miaka 200 iliyopita.

Kazi hii inahitaji watu wa aina nyingi. Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, hufundisha mafundi sanifu kwa ngazi ya cheti na stashahada; Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hutoa shahada za misitu na huwapeleka wanafunzi katika msitu wa miombo wa Kitulangalo; nayo Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania huajiri watafiti. Wanahitajika pia wataalamu wa takwimu, na zaidi ya wote wale wanaoweza kuutambua mti usio na jani hata moja kwa kutazama gome na utomvu wake, ujuzi ambao mara nyingi wazee wa vijijini wanao kuliko wahitimu, na unaostahili kulipwa kama utaalamu kamili.

Kikwazo kikubwa ni muda. Miradi mingi ya utafiti hufadhiliwa kwa miaka michache tu, ilhali mninga huweza kuhitaji miongo saba au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na ploti isiyo na mtu wa kuirudia hupoteza alama zake na thamani yake. Njia mojawapo ya kukivuka inaonekana wilayani Kilwa, ambako mwaka 2009 misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, hasa kwa ajili ya mpingo, na ambako wanakijiji wenyewe hushiriki kupima miti kabla kiwango cha kuvuna hakijapangwa. Utaratibu huo hauna budi kuenea Tabora na Katavi, na wapimaji wake wapewe ajira ya kudumu.